Ukianguka usijifiche: kwa watu wa Moshi na Arusha mnaosubiri mkae sawa kwanza ndipo mrudi kwa Mungu

Mshare Mbichi (mleta mada)

Wakuu, heri ya Jumapili.

Huku kwetu Moshi mtu akifilisika, kitu cha kwanza kukiacha si bia. Anaacha kanisa. Duka likifungwa pale Mbuyuni, au gari likichukuliwa na wenye mkopo, wiki mbili tatu tu humwoni tena jumuiya. Ukimuuliza mkewe anasema baba Fulani yuko safari. Safari yenyewe unakuja kuikuta Pasua, kajibanza kwa rafiki, hataki kuonekana. Ndoa ikiyumba ni hivyohivyo. Binti wa mzee wa kanisa akipata mimba nyumbani ndiyo kabisa, familia nzima inahamia ibada ya kwanza ya alfajiri ili isikutane na watu.

Mimi ni mzee wa kanisa katika mtaa mmoja wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (sitasema upi, msianze kunitafuta). Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwafuata hao walioadimika, na jibu ninalopewa ni lilelile, awe mwalimu, dereva wa bajaji au mama wa mitumba wa Memorial: "Ngoja kwanza nikae sawa, nitakuja." Wengine wanakiri kwamba hata kuomba wameacha. Wanaona haya kumwomba Mungu waliyemwahidi mambo makubwa kwenye mkesha wa mwaka mpya, kufika Pasaka yote yakawa yamewashinda.

Nasema bila kuuma maneno: hiyo "ngoja nikae sawa" inawamaliza watu kuliko deni lenyewe, kuliko hata hiyo dhambi.

Nayo haikuota yenyewe. Tumeipanda sisi. Kila mkutano wa injili tunatangaziwa kuwa mwenye imani haogopi, mwenye imani hapungukiwi, ukiona unatetemeka ujue kuna mlango umemfungulia adui. Shuhuda zinazopewa kipaza sauti ni za waliokwisha kuvuka: nilikuwa na deni, nikafunga na kuomba, leo nina nyumba Shanty Town. Sijawahi kusikia mtu akiitwa mbele aseme "nina deni, naogopa, sijui mwezi ujao nitalipa nini, na bado namtumaini Mungu." Huyo akithubutu tutamshika mkono kwa upole na kumrudisha kwenye benchi, halafu tumwombee atolewe hofu.

Sasa fungueni Luka 22 mstari wa 31. Usiku ule wa chakula cha mwisho Yesu anamwambia Petro kwamba Shetani amewataka awapepete kama ngano, "lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Angalieni mpangilio wa mambo. Petro bado hajaanguka. Bado anajipiga kifua kwamba yuko tayari kwenda gerezani na hata kufa. Jogoo hajawika. Na tayari ameshaombewa, ameshaambiwa atarudi, na kazi ya kufanya akirudi ameshapangiwa. Yesu hasemi "ukianguka tutakaa kikao tuone." Kuanguka kwa Petro hakukumshtua Bwana hata kidogo. Kulimshtua Petro peke yake.

Yohana naye ana jambo dogo ambalo wengi tunalipita mbio. Sura ya 18, Petro anamkana Yesu akiwa anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Sura ya 21, baada ya ufufuo, wanafunzi wanatoka ziwani asubuhi na kukuta nini ufukweni? Moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Mtu aliyewahi kuaibika mahali anajua harufu tu inavyoweza kumrudisha pale. Bwana hakumwita Petro hekaluni wala hakumpeleka mbele ya kadamnasi asomewe mashtaka. Aliwasha moto uleule, akawaambia "Njoni mfungue kinywa," wakala kwanza, ndipo akamuuliza mara tatu kama anampenda. Na kila alipojibu alikabidhiwa kondoo. Mtu aliyeshindwa mbele ya kijakazi anakabidhiwa kundi!

Kuhusu hofu, mimi mstari wangu ni wa yule baba wa Marko 9 mwenye mtoto anayeangushwa na pepo: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hiyo ndiyo sala yenye ukweli kuliko nyingi ninazozisikia zikipaazwa. Alichanganya imani na mashaka katika sentensi moja, akapokelewa nayo ilivyo, na mtoto akapona siku ileile. Gideoni naye, anayepigiwa mfano wa ushujaa, malaika alimkuta anapura ngano kwenye shinikizo la zabibu, mahali pa kujificha, kwa kuwaogopa Wamidiani. Zaburi ya 56 haisemi "siku nisipoogopa", inasema "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe."

Na kwa wale wanaodhani kanisa letu limejengwa na watu ambao mambo yao yalinyooka, someni historia ya hapa hapa. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Moshi mwaka 1885. Mwaka 1892 ikawabidi waondoke, kazi ikiwa changa kabisa. Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, wakaja 1893, wakaanzia Machame. Oktoba 1896 vijana wao wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wakauawa Akeri, pale Meru, muda mfupi tu baada ya kufika. Kwa hesabu za siku hizi hiyo ni huduma iliyofeli, mfadhili angefunga mradi. Mwaka 1902 ikaanza misheni ya Nkoaranga, mlima uleule. Leo ukipita barabara kuu Jumapili asubuhi kuanzia Usa hadi Tengeru, wingi wa watu wanaoshuka na kupanda kwenda ibadani unauona mwenyewe.

Kuna kitu kimoja nakishika mikononi kila mwezi. Bahasha za ahadi za sadaka. Zinakaa kwenye sanduku, kila moja na namba ya msharika, na zisizochukuliwa nazijua kwa namba. Baadhi zimeshapata vumbi na kingo zimejikunja. Wenzangu wakiziona wanasema "hawa wamepoa kiroho." Mimi nikifuatilia, robo tatu ya hadithi ni hofu na aibu. Kupoa kiroho ni kitu kingine kabisa. Aliyepoa haogopi kukutana na wewe sokoni.

Basi naomba tujadili. Nani amewahi kukaa katika hiyo "ngoja nikae sawa"? Ulitokaje? Na wachungaji mliomo humu, mbona hamlihubiri hili?

---

Jeshi la Bwana

Shalom mtumishi. Umeongea vizuri lakini kuna mahali unawapa watu kibali cha kukaa na hofu. Neno liko wazi, 2 Timotheo 1:7, "Maana Mungu hakutupa roho ya woga." Kama Mungu hakutupa, basi ametupa nani? Hofu ni roho, na roho haibembelezwi, inakemewa. Mimi niliokolewa hapa Arusha, Unga Limited, nikiwa mlevi wa kupindukia. Ningebembelezwa ningekuwa nimeshazikwa.

---

Mshare Mbichi

Ndugu yangu Jeshi, Mungu akuzidishie, na ninaamini kabisa kwamba Bwana alikutoa huko. Lakini huyo Paulo aliyeandika mstari huo hebu tumsome wote. Katika 2 Wakorintho 7:5 anasimulia hali yake Makedonia: "nje palikuwa na vita, ndani hofu." Kwa Wakorintho haohao alikuwa amekwisha kuandika kwamba alipokuwa kwao alikuwa "katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi." Tumkemee pepo Paulo?

Ninavyoelewa mimi, anamwambia Timotheo asikubali woga umwamulie. Kuisikia hofu na kuitii hofu ni mambo mawili. Anayetetemeka na bado akaenda, huyo ndiye aliyeshinda. Asiyetetemeka kabisa huenda hajaelewa hali ilivyo.

---

Jeshi la Bwana

Sijakubali yote lakini hiyo ya Makedonia nitaisoma tena.

---

Kiboriloni Ndani

Mleta mada, ubarikiwe. Mimi nilikaa nje karibu mwaka mzima. Nilikuwa mtunza hazina wa kikundi chetu cha kukopeshana, watu wakakopa wakakimbia, mimi nikabaki na daftari. Hakuna aliyesema nimeiba. Lakini ukiingia kanisani kila jicho unalihisi mgongoni, na kusema kweli nusu ya macho hayo yalikuwa ya kichwani mwangu tu. Nilikuwa nasali nyumbani nikifika "utusamehe deni zetu" nanyamaza.

Kilichonirudisha si mahubiri. Ni bibi mmoja jirani, alikuja jioni na ndizi, akamenya na mimi jikoni, akaniambia Jumapili atahitaji mtu wa kumshika mkono kwenye kile kilima maana magoti yanamsumbua. Nikajua ni uongo, bibi huyo anapanda kilima kile kila siku na ndoo kichwani. Nikaenda nikamshika mkono.

---

Chalii wa Sakina

Oya mzee, uzi mzuri ila hapo kwenye historia umeruka kitu. Umewataja Ovir na Segebrock ukafunga kitabu ukakimbilia Nkoaranga. Baada ya Akeri jeshi la Wajerumani lilikuja kulipiza kwa Wameru na Waarusha, watu wakauawa, mifugo ikatekwa. Machi 1900 wakamnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, pale pale kwake pamoja na viongozi wengine, wakiwemo wa Meru na wa Arusha. Sisi huku mambo haya tunasimuliwa nyumbani. Sasa ukiniambia "tazama Mungu alivyonyoosha mambo" mimi nakuuliza: kwa babu zangu alinyoosha saa ngapi? Siulizi kwa shari. Mimi mwenyewe nimebatizwa na kupata kipaimara Ilboru. Ila kumtumaini Mungu kwa staili ya kuficha nusu ya habari siwezi.

---

Mshare Mbichi

Chalii, una haki ya kuuliza, na habari yako ni ya kweli yote. Mimi ni Mchagga, Meli ni wa kwetu. Wanaodai fuvu lake, linaloaminika kupelekwa Ujerumani, lirudishwe ni wajukuu zake na watu tunaoishi nao humu.

Sitakupa jibu la "Mungu ana makusudi yake." Hilo jibu huwa linatolewa na mtu ambaye hakuzika. Nitakwambia ninachofanya mimi. Kuna Zaburi ya 88, mwenye kuiandika analia mwanzo mpaka mwisho, na inaishia gizani, bila hata mstari mmoja wa kushukuru mwishoni. Na bado imewekwa kwenye Biblia, inaimbwa ibadani. Maana yake aliyeandika hivyo bado alihesabiwa kuwa anaomba. Kwa hiyo hilo swali lako, saa ngapi alinyoosha kwa babu zangu, usilitoe nje ya kanisa ukalipeleka baa. Lilete ndani. Ni lako kuliuliza, na Mungu haliogopi.

Na nirekebishe mkazo wa nilichosema juu: sikusema kanisa lipo kwa sababu mambo yalinyooka. Nasema lipo na makovu yake, likiwemo hilo.

---

Chalii wa Sakina

Poa. Hapo nimekuelewa. Zaburi 88 sijawahi kusikia ikihubiriwa hata siku moja.

---

Muuguzi Majengo

Naomba niongeze la kitaalamu kidogo. Nafanya kazi wodini. Kuna hofu ya kawaida ya kudaiwa ada au kusubiri majibu ya kipimo. Kuna nyingine ambayo mtu halali wiki hadi wiki, moyo unaenda mbio akiwa amekaa tu, kifua kinabana, anadhani anakufa, vipimo vya moyo vinatoka safi. Hiyo ni hali ya kiafya, ina tiba, kuna ushauri na kuna dawa. Tafadhali msiwazungushe watu wa namna hii kwenye maombezi miezi sita bila kufika hospitali. Waombeeni na muwalete.

Na kama mnataka andiko, ni Eliya, 1 Wafalme 19. Jana yake tu alishusha moto Karmeli. Leo Yezebeli katuma ujumbe mmoja, anakimbia hadi jangwani, anakaa chini ya mretemu, anasema "Yatosha; sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu." Nabii anaomba kufa! Malaika akaja, hakumkemea, hakumuuliza imani yako iko wapi. Alimgusa akamwambia "Inuka, ule." Mkate wa kuokwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula tena. Maswali ya "unafanya nini hapa" yalikuja baadaye sana, Horebu, baada ya usingizi na milo miwili. Sisi tunaanza na maswali.

---

Mama wa Njiro

Nimesoma kimyakimya mpaka hapa, sasa naomba na mimi niseme.

Nilizaa kabla ya ndoa. Katika usharika niliokulia (sitautaja) nikazuiwa meza ya Bwana, na mtoto akakaa bila ubatizo mpaka nitakaporudi kundini. Siku ya kurudi kundini nilisimama mbele, peke yangu, na mtoto mgongoni kalia ibada nzima. Aliyenipa mimba alikuwa kwenye kwaya, sauti ya tatu. Aliimba. Hakuna aliyemwita.

Najua utaratibu wenyewe ulikusudiwa vizuri na najua mahali pengine wameulegeza. Lakini mnapouliza kwa nini watu wanajificha wanapoanguka, mimi nakujibu: kwa sababu tumeona yanayowapata wasiojificha.

Leo nasali, namtumaini Mungu, na huyo mtoto ni mwalimu wa Shule ya Jumapili. Sijapoa kiroho. Ila mimi ukiniambia "rudi ulivyo," nakuuliza kwanza: mmejiandaa kunipokea nilivyo?

---

Mshare Mbichi

Dada yangu, pole sana. Sina cha kukutetea hapo na sitajaribu.

Paulo kwa Wagalatia sura ya 6 anasema mtu akighafilika katika kosa, walio wa Roho wamrejeze "kwa roho ya upole," na papo hapo anaongeza kila mtu ajiangalie asije akajaribiwa mwenyewe. Ulichofanyiwa kilikosa vyote viwili. Na kuhusu yule wa sauti ya tatu, hilo ni jambo ambalo sisi wazee tunapaswa kulijibu, maana sisi ndio tunaokaa vikao hivyo. Nitalipeleka kwenye baraza letu kwa maneno yako hayahaya, bila jina lako wala mahali pako.

Swali lako la mwisho ni zito kuliko uzi wangu wote. Kwa mtaa wangu nakujibu: hatujajiandaa. Wapo wachache waliojiandaa. Bibi wa Kiboriloni aliyetajwa hapo juu ni mmoja wa namna hiyo.

---

Kilema Asilia

Sisi Wakatoliki tunawaangalia tu. Kitubio ni faragha, padre hatoi siri hata akitishiwa kifo, unatoka pale unaenda zako kupokea. Karibuni nyumbani, mlango uko wazi tangu zamani.

---

Mshare Mbichi

Meku Kilema, usituvue washarika mchana kweupe. Nasi tunaungama, kila Jumapili ibada inaanza na maungamo ya wote pamoja, na Mlutheri anaruhusiwa kabisa kuungama faragha kwa mchungaji wake, imo mpaka kwenye Katekisimo Ndogo, kile kitabu cha mafundisho cha Martin Luther. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatujui hilo, tumedhani ni la Roma tu. Hapo tumezembea, na mmetupita.

---

Kilema Asilia

Umejitetea vizuri. Na sisi wapo wasioingia kitubio miaka kumi kwa sababu padre anawajua sauti. Aibu haina dhehebu.

---

Mtoto wa Uamsho

Mnanikumbusha wazazi wangu. Walikuwa watu wa Uamsho, ule uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya mpaka huku kwetu. Mkutano wao wa jioni sebuleni kwetu mtu alisimama akasema dhambi yake ya wiki hii. Si ya zamani kabla ya kuokoka, ya wiki hii. Baba aliwahi kusimama akasema alimdanganya mnunuzi wa kahawa kwenye kilo, na Jumatatu alikwenda kurudisha hela. Waliita kutembea nuruni, 1 Yohana 1:7. Hakuna aliyeshtuka, walimwimbia wimbo wakakumbatiana, chai ikaletwa.

Sasa siku hizi tumebaki na nyimbo zao na salamu zao, lile la kusema ukweli wa wiki hii tumeliacha. Lakini niwe mkweli, nao walikuwa na shida yao. Watu walikuwa wanashinikizwa kuungama mambo ambayo hayakupaswa kufika masikioni mwa watoto tuliokaa nyuma ya mlango. Kwa hiyo tusiwafanye malaika. Ila wazo la kwamba anayesimama kusema ameshindwa ni ndugu, siyo kesi, hilo ningependa lirudi.

---

Asiyejulikana Bomang'ombe

Wakuu mimi nimejiunga leo ili niulize tu. Nina hofu nyingine kabisa. Nilimwahidi Mungu kwamba sitarudia kitu fulani. Nimerudia. Nikatubu, nikaahidi tena, nikarudia. Sasa naona hata nikitubu nadanganya, maana najijua. Je, Mungu hachoki? Na nitajuaje kama mimi ni Mkristo kweli au naigiza?

---

Mshare Mbichi

Karibu sana mdogo wangu (au mkubwa wangu, sijui).

Kwanza, muigizaji haulizi swali hilo akajiunga mahali usiku ili ajibiwe. Pili, ona mahali ulipoweka uzito: kwenye ahadi yako kwa Mungu. Ahadi zako ni dhaifu, na zangu pia. Luther alipokuwa akifundisha juu ya ubatizo katika Katekisimo Kubwa ya 1529, alisema dhambi na dhamiri zikikushambulia ujibu: hata hivyo nimebatizwa, na kama nimebatizwa nimeahidiwa wokovu. Hapo ahadi ni ya Mungu kwako. Hiyo haikuvunjika wewe ulipovunja yako.

Tatu, acha kuapa. Kweli, acha. Petro aliapa sana usiku ule. Ukiamka sema "leo nisaidie," ikifika jioni umeshindwa sema "nimeshindwa, nisaidie." Na mtafute mtu mmoja mzima mwenye kifua, umwambie jambo lenyewe kwa jina lake. Likikaa gizani linakua. Kama ni pombe au kamari za simu, kuna pia msaada wa kitaalamu, Muuguzi hapo juu anaweza kukuelekeza kwa faragha.

Kuhusu Mungu kuchoka: Petro aliuliza kama kumsamehe ndugu mara saba inatosha, akajibiwa saba mara sabini. Bwana asingetudai sisi kiwango ambacho yeye mwenyewe hakifikii.

---

Jeshi la Bwana

Hapa nakuunga mkono asilimia zote. Mdogo wangu wa Bomang'ombe, mimi nilirudia pombe nikiwa nimeshaokoka. Zaidi ya mara moja. Kanisani hawajui. Sijui kwa nini nimeandika hivi humu.

---

Mtoto wa Uamsho

Kwa sababu hiyo ndiyo nuruni, mpendwa. Karibu chai.

---

Mama wa Njiro

Jeshi, nimekusoma tofauti sasa. Mungu akutie nguvu kaka.

---

Kiboriloni Ndani

Mzee Mshare, tupe la kufanya. Nina rafiki yangu tulikuwa naye kwaya, biashara ya nafaka ilimwangusha, sasa hata simu hapokei. Nikienda niseme nini?

---

Mshare Mbichi

Usiende na kamati. Watu watano wakiingia getini na Biblia kwapani mtu anajua kuna kikao, anatokea mlango wa nyuma. Nenda peke yako, siku ya kazi, jioni. Usianze na "mbona siku hizi hatukuoni." Beba kitu cha kupika, kaeni jikoni. Akitaka kuzungumzia nafaka, sikiliza mpaka mwisho, hata ukiona alipokosea usimwonyeshe, anapajua kuliko wewe. Asipotaka, ongeeni mpira. Ukitaka kuondoka omba kwa kifupi, sentensi mbili, na usimwambie Mungu habari za deni lake kwa sauti watoto wakisikia. Halafu umwambie siku utakayorudi, na urudi kweli.

---

Kiboriloni Ndani

Na nikikuta geti limefungwa?

---

Mshare Mbichi

Mpe jirani zile ndizi, mwambie ni za nani na zimetoka kwa nani. Ukirudi wiki ijayo atafungua. Asipofungua, jirani mwingine naye anakula ndizi.